Massey Ferguson 135 Ikichoka: Kufufua Injini Yake au Kuweka Nyingine

Trekta za Massey Ferguson 135 zilianza kuuzwa mwishoni mwa 1964. Zile zilizotoka kiwanda cha Banner Lane, kule Coventry, Uingereza, nyingi zimekwisha vuka nusu karne, na bado zinalima. Pita Babati, Karatu, Mbarali au upande wa Kitale wakati wa kuandaa mashamba, utaziona zikivuta plau ya diski au tela la mahindi, rangi nyekundu imebaki kwenye mapindo ya boneti tu. Zinapofika karakana kwa mara ya mwisho sababu huwa moja: injini imechoka. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe, inakula oili, na kwenye udongo mzito inakata pumzi. Hapo mwenye trekta hupata washauri. Mmoja atamwambia abadilishe ringi tu, mwingine aweke injini ya pikapu, na wa tatu auze chuma chakavu. Mara nyingi ushauri wote huo ni mbaya, na mkulima anayeufuata hujikuta hana trekta msimu ukiwa umefunguka.

Msimamo wangu ni huu: 135 inastahili injini ya ukoo wake. Kama bloku ni nzima, injini ile ile iliyozaliwa nayo ifunguliwe, ipimwe, na ifufuliwe mpaka mwisho. Kazi ya nusunusu humgharimu mkulima kuliko kazi kamili, na injini ya kubandika humgharimu kuliko zote mbili.

Sababu ya kwanza iko kwenye mifupa ya trekta yenyewe. Gari lina chesisi. Injini imekalishwa juu yake, na ukiitoa gari linabaki limesimama. MF 135 haina chesisi. Ekseli ya mbele imeshikwa na kipande cha chuma kilichofungwa mbele ya injini, nyuma ya injini limefungwa gia boksi, na nyuma ya gia boksi kuna difu pamoja na lifti ya haidroliki. Hata sampu yake ni ya chuma kinene cha kusubu, kwa kuwa nayo inabeba mzigo. Henry Ford aliueneza mpangilio huu kwa Fordson yake ya 1917, na Harry Ferguson akaushika katika trekta zake ndogo za kijivu, ambazo ndizo mama wa 135. Kwa hiyo hapa injini ni uti wa mgongo. Ukiweka mahali pake injini ya pikapu, umeweka bloku jepesi na sampu ya bati ambavyo havikuundwa kubeba ekseli inayogonga matuta ya shamba siku nzima. Fundi atalazimika kuchomelea fremu pembeni. Fremu hiyo ikijinyonga kidogo tu, flaiwili na shafti ya gia boksi haviko tena kwenye mstari mmoja. Klachi inaanza kula upande, kisha beringi ya mbele ya gia boksi inafuata, na lawama zinapelekwa kwenye gia boksi la zamani ambalo halikuwa na kosa.

Sababu ya pili ni mwendo. Injini ya dizeli ya 135 ni Perkins AD3.152: silinda tatu, ujazo wa inchi za mchemraba 152, yaani lita 2.5, kipenyo cha silinda milimita 91.4 na safari ya pistoni milimita 127. Hebu tazama vipimo hivyo viwili vya mwisho. Pistoni inasafiri mbali kuliko upana wake. Injini ya umbo hilo haikutengenezwa ikimbie. Inafikia nguvu yake ya juu, takriban farasi 45, kwenye mizunguko 2,250 kwa dakika, na msukumo wake mkubwa kabisa unapatikana chini zaidi, karibu na mizunguko 1,300. Gia zote za trekta zimepangwa kwa hesabu hiyo. Shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchua inatoa mizunguko yake 540 injini ikiwa karibu na 1,700. Sasa leta injini ya gari ambayo nguvu zake ziko kwenye mizunguko 3,500 au 4,000. Ukiiendesha polepole haina nguvu, ukiiendesha kwa kasi yake shafti ya nyuma inazunguka mara mbili ya inavyotakiwa, na mashine ya kupukuchua inayozungushwa hivyo inaua watu. Kisha kuna gavana. Gavana ya pampu ya trekta husoma mzigo: plau ikizama, yenyewe inaongeza dizeli ili mwendo usishuke, dereva hajagusa kitu. Pampu nyingi za magari hutegemea mguu wa dereva kufanya kazi hiyo, na hakuna mguu unaoweza kufuata plau saa nane mfululizo.

Wako watakaosema kwamba kubadilisha injini ya trekta ni jambo la zamani, na kweli ni la zamani. Perkins wa Peterborough, kampuni iliyoanzishwa 1932, ilijijengea jina kwa kuuza injini za dizeli za kuweka mahali pa injini za petroli na mafuta ya taa. P3 yao iliingia kwenye Ferguson za kijivu na P6 kwenye Fordson Major. Hata kiwanda chenyewe kiliwahi kubadili injini ya trekta zake. Ferguson 35 ya dizeli ilianza na injini ya Standard 23C ya silinda nne, iliyojulikana kwa ukaidi wa kuwaka kukiwa na baridi. Mwaka 1959 Massey Ferguson waliinunua Perkins, na 35 ikapewa injini ya silinda tatu, mtangulizi wa hii ya 135. Wenye trekta nao wakaanza kutoa ile ya silinda nne na kuweka ya silinda tatu. Lakini mabadiliko hayo yalifanywa kwa vipande vya kuunganishia vilivyochorwa na wahandisi kwa trekta ile ile, na injini zilizoingia zilikuwa za kilimo. Tofauti yake na kuchomelea vyuma chini ya mwembe ni kubwa mno.

Sababu ya tatu ndiyo inayonipa moyo zaidi: spea zipo. Trekta nyingi za umri huu zimekufa kwa sababu pistoni yake haipatikani tena popote. Injini hii ya silinda tatu haikufa na kiwanda cha Coventry. Millat wa Pakistan waliendelea kuunda trekta zenye injini ya ukoo huu, IMT wa Yugoslavia walipata leseni ya Ferguson miaka ya 1950, India ilikuwa na TAFE na injini za Simpson za Chennai, na Ursus wa Poland walichukua leseni ya Massey Ferguson miaka ya 1970 pamoja na injini za Perkins. Ndiyo maana duka la spea la Arusha au Nakuru linaweza kukuuzia seti ya pistoni, slivu, ringi, beringi na gasketi kwa trekta ambayo aliyeiunganisha alishastaafu zamani. Ubaya wake ni kwamba nchi hizo zilifanya marekebisho yao, na vitu viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana kwa kimo cha pistoni au unene wa slivu. Nakili namba iliyogongwa kwenye bloku, chukua pistoni ya zamani mkononi, na pima ile mpya dukani kabla ya kulipa. Muuzaji anayekukatazia kupima, mwache.

Kabla hujafungua chochote, hakikisha injini kweli imechoka. Nimeona injini nyingi zikishushwa kwa ugonjwa ambao haukuwa wake. Moshi mweusi ukikuta chujio la hewa limeziba hauna uhusiano na ringi. Moshi mweupe na kuwaka kwa shida vinaweza kuwa nozeli inayotiririsha badala ya kupuliza, au hewa inayoingia kwenye bomba la dizeli. Oili inayopanda kwenye kijiti bila mtu kuongeza hutisha wengi, lakini kwenye Perkins hii angalia kwanza ile pampu ndogo ya kuvutia dizeli iliyo ubavuni: utando wake ukipasuka, dizeli inashuka kwenye sampu. Utando ni kitu cha bei ndogo. Ukiuacha, oili inakuwa nyepesi kama maji na beringi zote zinakwenda, na hapo ndipo gharama kubwa inapozaliwa.

Dalili ninazoziamini ni tatu zikija pamoja. Kompresheni imeshuka au imetofautiana sana kati ya silinda na silinda. Bomba la kupumulia la injini linatoa moshi kwa mapigo, mzigo unapoongezeka. Na presha ya oili, injini ikiwa moto na kwenye kasi ya kazi, iko chini ya pauni 30 kwa inchi ya mraba. Kawaida yake ni kati ya 30 na 60. Ukizikuta zote tatu, ndiyo, ifungue.

Hapa ndipo ninapogombana na ule ushauri wa ringi tu. Silinda hailiki sawasawa. Inalika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ambako joto ni kali na oili ni haba, na inalika upande mmoja kuliko mwingine. Baada ya miaka, tundu lililokuwa duara limekuwa na umbo la yai, na juu pana kuliko chini. Ringi mpya ni duara. Ukiiingiza kwenye tundu la namna hiyo inagusa hapa na kuachia pale, inafunguka na kufumba kila pistoni inapopanda na kushuka, na hata ukingo uliobaki juu ya silinda unaweza kuivunja. Trekta itawaka vizuri mwezi wa kwanza, mwenyewe atafurahi, fundi atasifiwa. Msimu haujaisha moshi wa buluu umerudi. Gasketi zimenunuliwa mara moja na zitanunuliwa tena, oili imemwagwa, siku za kulima zimepotea. AD3.152 ina slivu kavu, maana yake maji hayazigusi. Zimeshindiliwa ndani ya bloku na zinatolewa kwa presi. Kuzibadilisha zote tatu pamoja na pistoni ni kazi ya karakana yoyote yenye presi nzuri. Ulizia tu kama slivu ulizonunua zinakuja zimemalizika au zinahitaji kupanuliwa na kusuguliwa zikishaingia, kwa sababu zote mbili zinauzwa, na fundi akikosea aina atakuletea injini iliyokwama.

Vipimo hivi havifanywi kwa kidole. Karakana isiyo na mikrometa na geji ya silinda inakisia, na haifai kupewa injini yako hata kama fundi wake ni mjomba. Tunazungumzia sehemu za elfu za inchi; unywele wa mtu una takriban tatu. Kranki nayo ipimwe kila shingo, kwa pande mbili zinazokatana, ili ujue kama imekuwa yai. Ikizidi kikomo cha kitabu inasagwa, na beringi zake zinauzwa kwa hatua za sehemu 10, 20 na 30 za elfu za inchi chini ya saizi ya awali. Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita: baadhi ya kranki za injini hizi zilifanywa ngumu ngozi ya juu kwa joto na kemikali kiwandani. Ukisaga ngozi hiyo ukaiacha hivyo, chuma kilichobaki ni laini, na kranki itarudi karakana mapema. Muulize mwenye mashine ya kusaga kama anaijua habari hiyo. Asipoijua, safiri mpaka umpate anayeijua.

Mchezo wa kranki mbele na nyuma pia upimwe. Dereva anayeendesha huku mguu umelala juu ya pedali ya klachi anaisukuma kranki mbele siku nzima, na washa za kuizuia zinalika mpaka chuma kinasaga chuma. Nimekuta injini yenye silinda nzuri kabisa iliyoharibiwa na mguu tu.

Silinda hedi ipelekwe ikapimwe unyoofu na nyufa, hasa kati ya valvu. Ikipunguzwa uso, na bloku nalo likipunguzwa, kumbuka kupima kimo cha pistoni ikiwa juu kabisa, kwa sababu nafasi iliyopo kati yake na hedi ni ndogo sana. Nozeli na pampu ya CAV vipelekwe kwa fundi pampu mwenye meza ya kupimia. Kuifufua injini kisha kuifunga na nozeli chakavu ni kuichoma pistoni mpya kwa makusudi.

Kukata trekta vipande viwili ili kuitoa injini ndiko kunakoumiza watu, na ningependa hili lisomwe na kijana anayeshika spana kuliko na mwenye trekta. Ekseli ya mbele inacheza kwenye pini katikati. Ukishafungua boliti za gia boksi, nusu ya mbele, yaani injini, rejeta na ekseli, inataka kulala upande. Kabla ya boliti ya kwanza kulegea, gongomea kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli na kipande kinachoishikilia, weka vigingi vya chuma chini ya gia boksi, na injini ibebwe na mnyororo au jeki yenye magurudumu. Injini peke yake ina zaidi ya kilo 200. Matofali hayafai kabisa; yanapasuka bila kutoa taarifa. Na kwa kuwa umeshaikata, badilisha sili ya nyuma ya kranki na ukague klachi yote hata kama haijalalamika. Nyingi za injini hizi zina sili ya kamba, ambayo inataka kukalishwa kwa subira na kukatwa ncha kwa kipimo cha kitabu. Ikivuja, oili inalowesha klachi, na trekta itakatwa tena.

Lini basi uweke injini nyingine? Bloku likipasuka mahali pa kubeba mzigo, konrodi ikitoboa ubavu, au kiti cha beringi ya kranki kikiharibika kupita kuchongeka. Kwa hali hizo tafuta AD3.152 nyingine, au nusu injini: bloku, kranki na pistoni vikiwa vimefungwa tayari, kisha uhamishie hedi, pampu na sampu yako. Injini hii ilitumika pia kwenye jenereta, kompresa na forklifti, na wauzaji wa vyuma vya mitumba wanazo. Zinafaa, mradi ujue kwamba sampu inaweza kuwa ya bati, kava ya flaiwili ya umbo jingine, na pampu imepangwa kwa mwendo mmoja wa jenereta. Vyote hivyo chukua vya trekta yako. Anayekushawishi uweke Perkins ya silinda nne ili upate nguvu zaidi, mkumbushe kwamba ni ndefu zaidi, na kwamba gia boksi na difu la 135 vilipimwa kwa silinda tatu.

Tena kuna vumbi. Mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, ulioanza 1947, ulimeza mashine nyingi, na udongo wake wenye chembechembe kali za mchanga ulikuwa miongoni mwa sababu. Udongo huo haujabadilika, na wa Basotu wakati wa kiangazi si mpole zaidi. Chembe ya mchanga ikipita kwenye bomba la hewa inageuka msasa kati ya ringi na slivu. Trekta hizi nyingi zina chujio lenye beseni la oili, chombo kizuri sana kikitunzwa: wakati wa vumbi beseni lifunguliwe kila siku, tope litolewe, oili mpya ijazwe hadi kwenye alama, isizidi. Halafu raba inayounganisha chujio na injini. Ufa mdogo upande wa chini, usioonekana, unatosha kuimaliza injini mpya kabla ya mavuno. Pitisha kidole safi ndani ya bomba baada ya chujio. Ukigusa vumbi, usiwashe injini mpaka umepata linakopitia. Raba hiyo mpya inunuliwe siku ile ile zinaponunuliwa pistoni.

Injini ikishafungwa, wengi huiacha inaunguruma polepole kivulini kutwa nzima wakiamini wanaizoeza. Wanaiumiza. Ringi hukaa vizuri zinaposukumwa na presha ya moto dhidi ya slivu, na presha hiyo huletwa na mzigo. Bila mzigo slivu zinapata mng'aro wa kioo, ringi zinateleza juu yake bila kushika, na injini mpya itakula oili maisha yake yote. Iwashe, hakikisha presha ya oili imepanda, subiri ipate moto, kaza tena hedi kwa tok renchi na urekebishe valvu kama kitabu kinavyosema, kisha ipeleke shambani ikafanye kazi ya wastani: haro, au tela lisilojaa, kwa mwendo unaobadilikabadilika. Usiipe plau nzito siku za mwanzo, wala usiiache imesimama ikiunguruma.

Kati ya saa 25 na 50 za kazi, mwaga oili ikiwa moto, badilisha chujio, kaza hedi na upime valvu kwa mara nyingine. Oili hiyo ya kwanza imwage kwenye beseni safi na ulikate chujio uangalie ndani. Unga wa kijivu ni wa kawaida kwa ringi zinazojikalisha. Ukiona vipande vinavyong'aa, vya rangi ya fedha au ya shaba, simamisha trekta siku hiyo hiyo na ufungue sampu uzione beringi za konrodi kabla kranki haijaguswa.